Amina Tuliyoitikia Ukumbini

Jumanne, tarehe tatu Juni, nilikuwa sokoni Embu nikikagua buchari. Hiyo ndiyo kazi yangu katika serikali ya kaunti: kutazama mihuri kwenye mapaja ya ng'ombe, kunusa magogo ya kukatia, kuuliza maji ya kuoshea visu yametoka wapi. Wauzaji nyama wa safu ile, wengi wao Waislamu ambao babu zao walikuwa mjini kabla ya lami, huniita daktari wa nyama. Mmoja wao alikuwa akifuta kisu huku akinitazama kwa upande.

"Daktari, nasikia nyongeza yenu imechinjwa."

"Bado. Tunaitwa mkutanoni leo."

"Basi hakikisha wameichinja kihalali. Ukiniletea nyamafu hapa, sinunui."

Tulicheka. Mwanamke aliyekuwa akifagia mbele ya kibanda cha muuzaji huyo hakucheka. Alikuwa mtu wa Manyatta, wa rika langu, na kwa miaka mingi alikuwa amelifagia soko lile kwa mkataba ulioisha kila mwisho wa Juni na kurudishwa kila Julai. Aliegemea ufagio wake.

"Leo mnaenda kunipigia kura," aliniambia, "na mimi sina kura. Sasa wewe daktari, utasema nini huko?"

Nilimjibu kwamba ningesikiliza kwanza.

"Haya, sikiliza. Lakini usisikilize sana mpaka usahau kusema."

Jambo lenyewe lilikuwa hili. Kaunti ilitaka nyongeza ya mshahara ya kila mwaka ya watumishi wa kudumu isimamishwe kwa miaka miwili. Tukikubali, mikataba ya vibarua, wafagiaji wakiwamo, ingerudishwa. Tukikataa, hakungekuwa na fedha za kuwalipa. Nami nilikuwa mwakilishi wa watumishi katika idara yetu, cheo nilichochaguliwa kukishika siku ambayo sikuwapo.

Mkutano ulifanyika katika ukumbi uliokuwa wa baraza la zamani, lile lililotangulia kaunti. Siupendi ukumbi huo. Katika ukuta wake wa nyuma kulikuwa na dirisha dogo ambapo wafanyakazi walilipwa mkononi mwisho wa mwezi. Limezibwa kwa matofali na kupakwa rangi mara nyingi, lakini misimu ya mvua unyevu hulichora upya, pembe zake zote nne, na Juni ile lilikuwa likionekana wazi nyuma ya viti vya wakubwa.

Baba yangu alilipwa katika dirisha hilo. Alichimba mitaro ya barabara upande wa Gachoka, kwetu, ambako mvua ikija huja kwa hasira na kuondoka na barabara. Katika miaka ya mwisho ya baraza, mishahara ilianza kuchelewa, na wafanyakazi wakaitwa katika ukumbi uleule waombwe subira. Alirudi nyumbani akatuambia kwamba wamekubaliana na baraza kuvumilia kidogo. Kidogo hicho hatukuuona mwisho wake. Alistaafu akiwa bado anavumilia. Na akili yake ilipoanza kumtoka uzeeni, kitu cha mwisho kilichobaki ndani yake kilikuwa mwisho wa mwezi. Alivaa koti lake, akaketi ukingoni mwa kitanda, akatega sikio. Nilirithi jina la mama yake, kama ilivyo desturi yetu kwa binti wa kwanza, kwa hiyo alizoea kuniita mama.

"Mama, wameshaita jina langu?"

"Bado, baba."

"Nitangoja."

Mimi ni mtu niliyesoma, na ni Mkristo. Sisemi kwamba wafu hutembea. Nasema tu kwamba nilikaa ukumbini nikilitazama lile dirisha na sikuweza kuyaondoa macho yangu pale.

Mkurugenzi wa idara yetu alizungumza vizuri. Alitueleza kwamba mishahara inakula sehemu kubwa mno ya fedha za kaunti, kwamba zipo zahanati zisizo na dawa, kwamba mkulima asiyepata mshahara wowote ana haki ya kutuuliza sisi ni nani. Sikuona uongo katika hayo. Nimepita zahanati hizo. Mtunza stoo mmoja aliuliza ahadi kuhusu vibarua imeandikwa wapi. Mkurugenzi alitabasamu na kusema kwamba maswali ni mazuri, muda ndio mbaya, na kwamba yangejibiwa kwa utaratibu. Kisha akamwomba karani mzee, mzee wa kanisa ambaye sote tunamheshimu, atufungie kwa sala.

Msomaji wa huku kwetu ameshaelewa kilichotokea. Kwetu mkutano hufunguliwa kwa sala na kufungwa kwa sala, na sala ya kufunga ikishatamkwa hakuna mwenye adabu anayelirudia jambo. Atakayelirudia huonekana anabishana na Mungu. Karani alisimama, akafumba macho, akaomba kwa ufasaha wake wote. Alimshukuru Mungu kwa mvua. Alimshukuru kwa viongozi. Halafu akasema, "Na tunakushukuru, Baba, kwa kuwa watumishi wako wamekubali kuubeba mzigo huu kwa ajili ya ndugu zao."

"Amina," tukasema.

Nami nilisema. Ukumbi mzima ulisema kwa sauti moja, kama tulivyofunzwa tangu utotoni, na viti vikaanza kuburuzwa. Sidhani kwamba karani alitumwa. Nadhani aliomba kile alichodhani ni chema. Lakini jioni hiyohiyo ilitumwa taarifa kwamba watumishi wa idara yetu wamekubali kwa kauli moja.

Jumapili iliyofuata tulikuwa Kiirua, nyumbani kwa mume wangu. Mume wangu ni mwalimu, na ana maoni kuhusu mishahara ya kila mtu.

"Sisi walimu tumegoma, tumevumilia, tumeandamana," alisema akimenya viazi. "Hatujawahi kunyimwa kwa maombi. Hiyo ni mbinu mpya. Mnastahili pongezi."

"Karani hakuwa na nia mbaya."

"Nani amesema nia? Mlango ulifungwa na mtu mzuri, lakini si umefungwa?"

Mama mkwe aliomba kabla ya chakula, sala fupi, kwa Kimeru. Wote waliitikia. Mimi nilifungua mdomo, neno likakataa kutoka. Mama mkwe akanitazama juu ya mvuke wa viazi, waru kwa Kimeru.

"Mke wa mwanangu, umemeza ulimi pamoja na waru?"

Walicheka, nikacheka nao. Lakini tangu siku hiyo, kila neno hilo lilipofika zamu yangu, kanisani, mezani, hata matangani, nililisikia kwa sauti ya wanaume wengi waliosimama kwa viatu vyenye udongo, na sauti moja kati yao nilikuwa nikiijua.

Juni iliisha. Mikataba ya wafagiaji haikurudishwa. Hakuna aliyesema imekataliwa. Ilisemwa tu kwamba inashughulikiwa. Marundo ya majani ya kabeji yalianza kuoza kati ya vibanda, nami nikawa nakagua nyama huku nzi wakinitua usoni. Yule mwanamke wa Manyatta hakubaki nyumbani. Alikuja kila asubuhi na koti lake la kijani la kazi, akaketi kwenye benchi nje ya mlango wa mkurugenzi, mikono mapajani.

"Umeambiwa uje?" nilimuuliza.

"Hapana. Lakini wakiniita nisipokuwepo, si watamchukua mwingine?"

"Nenda nyumbani, mama. Nitakupigia simu."

"Wewe nawe. Hata wewe hawakuambii kitu." Alisema hivyo bila uchungu, akanisogezea nafasi niketi. "Si mlikubali? Nilisikia mmekubali. Sasa mimi nangoja hiyo yangu."

Niliketi. Tulitazama mlango pamoja, na kila ulipofunguka aliinua kichwa na kutega sikio, na nilijua ule mkao wa shingo, nilijua ule uvumilivu ulionyooka kama fimbo. Nilitaka kusimama nikakimbie. Sikuogopa kwamba baba yangu amerudi. Niliogopa kwamba hajawahi kuondoka pale, na kwamba tunampa tu koti jingine.

Siku hiyo mkurugenzi aliniita ndani. Alikuwa na ukurasa mmoja mezani.

"Ni thibitisho tu," alisema. "Kwamba watumishi walikubali. Wewe ndiye mwakilishi."

"Mikataba ya vibarua je?"

"Inategemea hii. Ukitia sahihi, inasonga."

"Tuliambiwa tukikubali inarudi. Mmeshatangaza tumekubali. Kwa nini haijarudi?"

Alivua miwani. Hakuwa mtu mkali. "Dada yangu, uliitikia Amina au hukuitikia?"

"Niliitikia."

"Basi."

Nilimwomba muda. Nilitoka nikapita mbele ya benchi, na yule mwanamke akaniuliza kwa macho. Kama ningetia sahihi, huenda angepata ufagio wake wiki ileile. Huenda pia angeendelea kuketi, sasa kwa idhini yangu. Kama ningekataa, ni yeye ambaye angelipia ukaidi wangu, wala si mimi mwenye kazi ya kudumu. Niliyageuza hayo kwa siku kadhaa, sokoni, kanisani, jikoni. Nilimweleza na yeye mwenyewe, kwa kuwa lilikuwa jambo lake.

"Usinifanye sababu," alisema mwishowe. "Uliza tu wanijibu. Nimechoka na kushughulikiwa."

Tarehe kumi na tano Julai nilipeleka barua hii.

*Bwana Mkurugenzi,*

*Umeniomba nithibitishe kwa sahihi yangu kwamba watumishi wa idara hii walikubali nyongeza yao isimamishwe kwa miaka miwili. Siwezi, kwa sababu hilo halikutokea. Hawakuulizwa, waliombewa. Nao wakaitikia, kama watu waliolelewa vyema.*

*Sikatai hoja yako yote. Naijua hali ya zahanati zetu. Kwa upande wangu mwenyewe nakubali: nyongeza yangu isimame, na barua hii iwe ushahidi. Lakini siwezi kumkubalia dereva wala mtunza stoo. Waulizwe kwa kura ya siri, saa za kazi, na sala ije baada ya kura kuhesabiwa.*

*Kabla ya kura hiyo, ahadi iliyotolewa kuhusu mikataba ya wafagiaji iandikwe, na iandikwe kwa tarehe. Huwezi kumwomba mtu aache kitu kwa ajili ya jirani yake, kisha jirani asipewe.*

*Ukiona kwamba haya yanatosha kuniondoa katika uwakilishi, wenzangu waulizwe hilo pia.*

*Mwanamke aliyeketi nje ya mlango wako ana nakala ya barua hii, nimemsomea. Tafadhali usimwambie angoje. Mwambie ndiyo, au mwambie hapana.*