Nyimbo za Treni za Shemeji Honi

Mimi nyimbo za treni sizipendi, na nisikufiche, hata wanaozipenda siwapendi. Hebu zisikilize vizuri. Treni inalia. Treni imemchukua mpenzi. Ewe treni, mrudishe. Tangu lini treni ikalia? Inapiga honi ili watu na mbuzi watoke relini, basi. Na katika nyimbo zote hizo hutasikia habari ya abiria aliyesimama njia nzima mpaka miguu ikavimba, wala choo kisicho na maji, wala mtoto aliyemtapikia jirani. Mimi niko kaunta ya mizigo pale stesheni, wanaoshuka nawaona kila siku. Sijaona hata mmoja akishuka anaimba.

Sasa shemeji yangu, mume wa mdogo wangu, ndiye mtangazaji wa stesheni hiyo hiyo. Tunamwita Honi. Kazi yake ni kukaa kwenye kijichumba cha vioo juu ya ngazi, mlango umefungwa, feni inazunguka, na kuwaambia watu treni gani inaingia jukwaa gani. Akimaliza, anapiga muziki. Nyimbo za treni, si nyingine. Ukipanda kumsalimia tu umekwisha, atakukalisha akueleze: wimbo huu, gitaa lake linafuata magurudumu, sikiliza shemeji, sikiliza, na huu, mpiga tarumbeta wake alizaliwa ndani ya behewa. Nani alimuuliza? Ule anaoupenda kuliko yote, ukianza tu anafumba macho. Mwanamume kaachwa jukwaani, anamsihi dereva apunguze mwendo, amwone mkewe dirishani japo mara moja tu. Honi hulia hapo. Machozi kabisa, mtu mzima na kitambi chake.

Mke wake mwenyewe je? Thubutu! Mdogo wangu alipolazwa, alipasuliwa tumbo, akakaa wodini, na mtu wa kumpelekea uji nilikuwa mimi. Honi alikuwa na wageni wa nyimbo zake, wapenzi wenziwe wa santuri, wanabishana wimbo baada ya wimbo. Siku tuliyomrudisha nyumbani, bado kashika tumbo, bwana mkubwa akatupokea mlangoni amechangamka. "Njoo, njoo usikie nilichokipata!" Akamkalisha kitini, hata mkoba hajautua, akamwekea wimbo. Mdogo wangu akausikiliza mpaka mwisho. Ningekuwa mimi, ile santuri angeitafuta jalalani.

Baadaye mdogo wangu akapata kazi ya upishi kwenye shule ya bweni, kule reli inakoishia. Akaniambia tukiwa jikoni kwake, anamenya viazi, hata sauti hakuipandisha.

"Dada, naondoka Alhamisi. Nimemwambia."

"Akasemaje?"

"Akasema kuna wimbo mmoja unaufaa sana mkasa huo."

Nikasonya mpaka paka akatoka. Nikamwambia nenda, mama, nenda hata leo, mzigo nitakubebea kichwani. Yeye akaendelea kumenya. Halafu akasema, "Akishuka zile ngazi, akaniambia kaa, nitakaa. Sitaki zaidi ya hapo. Lakini ashuke." Nikamtazama nisiamini. Basi ndivyo alivyompenda yule kichwa maji.

Alhamisi treni yake ilikuwa jukwaa la pili, ambalo liko sawasawa mbele ya vioo vya Honi. Hakuna kizuizi. Nilimwachia mwenzangu kaunta, nikamsindikiza mdogo wangu na sanduku lake na sufuria alizokataa kuziacha. Hakupanda. Alisimama chini ya saa, uso kauelekeza juu. Na Honi alituona! Alisimama, akaweka kiganja kwenye kioo, akatutazama kwa muda mrefu. Nikasema kumbe mtu huyu ana damu mwilini. Mara akatupa mgongo, akainamia mashine zake, akaketi.

Wapagazi wakapita wakipaza sauti kama kawaida yao pale jukwaa la pili, "Pandeni! Inaondoka hiyo!" Mdogo wangu akangoja. Akangoja mpaka behewa la mwisho likaanza kusogea ndipo nikamsukuma ndani na sufuria zake. Dirishani alinipungia mimi. Juu hakutazama tena.

Nikapanda zile ngazi kwa hasira nikavunje kitu. Nikamkuta anafuta macho kwa leso, ameridhika kama mtu aliyetoka kula.

"Shemeji, umeona?" akasema. "Nimempigia ule wetu. Wa kumsihi dereva. Nimeuanza mlipokuwa mmesimama chini ya saa. Maneno yote niliyokuwa nayo moyoni yamo mle. Alilia? Niambie ukweli, alilia?"

Nilicheka. Kicheko kibaya, najua. Nikamwambia, "Uweke tena."

"Sasa hivi?"

"Weka, halafu twende chini."

Akaweka. Mle chumbani ukavuma vizuri, gitaa na magurudumu yake yote. Nikamshika mkono wa shati nikamshusha, yeye akilalamika goti, mpaka jukwaa la pili, nikamsimamisha chini ya saa. Juu yetu spika ilikuwa inaning'inia, njiwa wamejenga ndani. Kimya. Toroli moja ilikuwa inasaga sakafu, basi.

Honi akainua uso. Akasubiri, kama vile wimbo umechelewa njiani.

Mpagazi mwenye toroli akasimama. "Hiyo ilishakufa, bosi. Mbona tulikuja kukwambia? Ukasema huko juu inasikika safi, ukatukalisha tusikilize tarumbeta. Abiria wa huku tunawaita kwa mdomo."

Nilikuwa nimejiandalia maneno ya kumtukana, ya kutosha mwaka mzima. Lakini Honi hakuniangalia. Alikuwa anahesabu ngazi kwa macho, kutoka pale alipo hadi kwenye kijichumba chake. Si nyingi.

"Alikuwa amesimama wapi?" akaniuliza.

"Hapo hapo ulipo."

Akarudi nyuma kidogo, kama amemkanyaga mtu.

"Na alisemaje?"

Nikamwambia. Nikamwambia yote, kuanzia viazi. Treni ya kurudi ikaingia tukiwa bado tumesimama, na huko juu hapakuwa na mtu wa kuitangaza. Wapagazi wakaita. Honi akawa anachungulia dirisha moja baada ya jingine, mpumbavu yule, kana kwamba ile iliyomchukua mke wake ilikuwa imeshafika mwisho wa reli na kurudi.