Shosho Wanjiru Alipohamishiwa Loresho

Kuna asubuhi moja ya ujana wangu ambayo hainitoki akilini, mwanangu. Nilikuwa nimepanga chumba mtaa wa Kabiria, kwa mama mzee tuliyemwita Shosho Wanjiru. Macho yake yalikuwa yanafifia, na daktari alishamwambia hayatarudi. Mimi nilikuwa nikishona sare katika karakana moja Westlands, na kila siku nilitoka mbio. Asubuhi hiyo nilimkuta ameketi mlangoni pake, kikombe cha chai mikononi, uso ameuelekeza kwenye jua.

“Pole, Shosho,” nikamwambia.

“Pole ya nini?”

“Ya macho.”

Akapuliza chai yake. “Macho yanaenda, najua, na naogopa sana. Lakini saa hii nakunywa chai. Nasikia jirani akiosha vyombo. Nasikia jua hapa kwa shavu. Wewe uko na macho mawili na hujui hata kama chai yako ilikuwa na sukari. Keti!”

Nikaketi. Nilichelewa kazini nikakaripiwa, lakini tangu siku hiyo nikawa naketi naye kidogo kabla ya kuondoka. Wakati mwingine alilia, akapangusa machozi, kisha akaniomba sukuma wiki aichambue kwa vidole.

Macho yalipozimika kabisa, mwanawe alimchukua akaishi naye mtaa wa Loresho. Alifanya hivyo kwa upendo, sitamsingizia. Nilipoenda kumtazama, nilimkuta kitandani adhuhuri, nyumba kimya.

“Hapa hawaniachi nishike kitu,” akaniambia. “Wanasema nitaanguka. Nikiuliza kuna nini nje, wananiambia, hakuna kitu, Shosho, lala. Basi nalala.”

Nilimshika mkono tukatoka, tukaketi kwenye nyasi. Alizipapasa nyasi muda mrefu. Nilipoaga, akauliza, “Kesho utakuja?” Nikamwambia nitakuja Jumapili. Jumapili haikumkuta hai.

Sasa mzee ni mimi, mwanangu. Mume wangu hayupo, wenzangu wa kanisani wanapungua, na magoti yamenigomea. Kuna siku sioni sababu ya kuamka. Naketi mlangoni hata hivyo, navuta pumzi, nasikiliza watu wakienda kazini. Huzuni haiondoki, nisikudanganye. Inanisogelea tu polepole zaidi, nami napata nafasi ya kuonja chai yangu.

Kwa hiyo nakuomba, jifunze kutulia pale ulipo ungali na nguvu, maana uzeeni ni vigumu kuanza. Na kama una mzazi mzee, usidhani kitanda safi na dawa vimetosha. Mpe kazi ndogo ya mikono. Mtoe nje. Akikuuliza kuna nini huko, mweleze yote, hata kama ni mbwa tu amelala barabarani.

Mungu akuzeeshe ukiwa na watu kando yako, mwanangu, na siku utakapouliza kitu, apatikane wa kukujibu.