Hakunawa

Nilipokuwa mtoto, kitu kikipotea nyumbani kwetu mwizi alitafutwa kwa sindano.

Tulikaa kichochoroni nyuma ya barabara ya Ndia Kuu, na Bibi, mamake mama, alikuwa mshonaji wa kofia. Kila mara huipitisha sindano kwenye nywele zake zilizokolea mafuta ya nazi, ipate kuteleza kitambaani. Sindano hiyohiyo ndiyo iliyokuwa kadhi wetu. Bakuli la shaba hujazwa maji, kisha kila mtu hupiga bismillahi na kuilaza sindano juu ya maji kwa vidole vyake. Ya mkweli huelea, ya mwizi huzama. "Maji hayasemi urongo," Bibi akisema, nasi hatukuwa na shaka hata chembe.

Nilikuwa na miaka tisa ilipopotea herini yake moja ya dhahabu, ukumbusho wa marehemu Babu. Mama akailaza sindano, ikaelea. Khalati, dadake mama, akailaza, ikaelea. Tukabaki mimi na Kadzo, mfanyakazi wetu. Kadzo alikuwa amemwacha mwanawe mdogo kwao Kaloleni, na alichopata kwetu ndicho mtoto yule alichokula. Ndiye aliyenisuka nywele kila Ijumaa, mkono wake mwepesi, hata machozi hayanitoki.

Nikatumwa kumwita. Nilimkuta uani, mikono imezama karaini hadi viwikoni, povu tele.

"Ngoja ninawe," akasema.

"Hakuna kunawa! Bibi kashakasirika, utanichapisha weye!" Nikamvuta. Akajifuta kwenye leso huku tukienda.

Aliilaza taratibu, kwa uangalifu zaidi kuliko mama. Vidole vyake vikagusa maji, na papo hapo sindano ikazama, ikagonga shaba, ti!

"Haki ya Mungu sikuchukua, Bi. Mkubwa! Niacheni ninawe, nijaribu tena."

"Maji yashasema," Bibi akajibu.

Akanitazama mimi. Nami niliogopa kiboko, nikainamisha kichwa. Maji yakamwagwa uani kabla zamu yangu haijafika. Laiti ingefika, yangu nayo ingezama, na hata ya Bibi mwenyewe.

Kufikia adhana ya alasiri Kadzo alikuwa amefunga kifurushi chake na kwenda. Kufikia magharibi kichochoro kizima kilikuwa na habari, na hakuna nyumba iliyomchukua tena. Nywele zangu akanisuka khalati, nikalia.

Nikiwa sekondari, mwalimu aliilaza sindano kwenye gilasi ya maji mbele yetu, ikaelea. Akasema maji hushikana yenyewe kwa yenyewe, juu yake pakawa kama ngozi nyembamba inayoweza kubeba kitu chepesi, hasa kilichopakwa mafuta. Kisha akachovya kidole chenye sabuni. Sabuni hulegeza ule mshiko, akasema, na sindano ikazama. Wenzangu wakapiga makofi. Mimi nilitoka nikajifungia chooni.

Bibi alipofariki, baada ya arobaini tulifumua godoro lake tuchambue sufi, herini ikaanguka sakafuni. Mama akaiokota. "Mungu amsamehe," akasema. Nikamuuliza, nani? Akaifunga herini kwenye pindo la leso yake.

Mwaka jana niliichukua herini ile nikaenda Kaloleni. Kadzo alikuwa ameshazikwa. Mwanawe, mtu mzima sasa, alinikaribisha vizuri, akanipa kiti na maji ya kunywa. Nikampa herini, nikamweleza yote: mafuta, sabuni, ngozi ya maji. Nilieleza sana, kama wakili. Akanisikiliza hadi mwisho, herini akanirudishia.

"Mama alikuwa akiniambia," akasema. "Habari za maji hakuzijua. Alisema tu kulikuwa na mtoto aliyejua kwamba hakunawa."

 Miaka yote nimejiambia kuwa ujinga ndio uliomponza Kadzo, kwamba lau tungelisoma mapema yasingetokea. Uongo mtupu. Neno lenyewe lilikuwa moja tu, na mtoto wa miaka tisa alikuwa nalo mdomoni.