Hatua ya Nne

Kila toleo jipya la maktaba ya msimbo, yaani vipande vya programu vilivyo tayari, ya kuundia programu za simu za kila aina likitoka, mama mmoja wa mtaa wa Donholm, Nairobi, hufuta kila kitu kwenye kompyuta yake, kisha hufuata mwongozo aliowaandikia wanaoanza, kidole juu ya kila mstari, kama mgeni. Mara moja tu, alipokuwa akimuuguza mumewe, hakuujaribu, na hatua ya nne ikapitwa na wakati.

Everline, aliyekuwa akijifunza kwa mwongozo huo akiwa Makadara, akampigia simu kuaga, cherehani ikivuma nyuma yake.

"Nimerudi kwa cherehani, madam. Kichwa changu hakishiki hizi vitu."

"Ulikwama wapi?"

"Hatua ya nne."

Mama akafumba macho. "Si kichwa chako, Everline. Mwongozo wangu ndio ulikupoteza. Washa kompyuta, tuanze pamoja."

Upande wa pili, cherehani ikanyamaza.