Ukwaju wa Sparkhill

Kilichonitoa nyumbani ni ahadi. Wakati wa kampeni niliwaambia watu wa wadi yangu kwamba vijana watapata kazi, biashara ndogo zitapumua na ushuru utapungua. Walinipigia makofi, wakanipigia kura, kisha wakaanza kuniuliza maswali. Basi niliposikia kwamba Saida, binti wa mtaa wetu anayeuza sambusa huko Birmingham, anafikiria kufungua kiwanda huku kwetu cha kuajiri watu thelathini, nilikata tiketi kwa pesa zangu, naapa, nikamfuata. Mswada wangu wa sheria ya biashara, niliokuwa nimeufikisha bunge la kaunti, niliutia mkobani ili aone nimejipanga.

Jumamosi asubuhi nilitua kwenye baridi ambayo sikuwahi kuiona. Binamu yangu Nyambura, muuguzi, alinipeleka kwake Aston, kwenye nyumba za matofali zilizoshikana mtaa mzima, karibu na uwanja mkubwa wa mpira. Nilimsalimia mwanawe kwa Kiswahili. Akaelewa kila neno, akanijibu kwa Kiingereza.

"Hapa wewe si mheshimiwa," Nyambura alinionya akinimiminia chai. "Kikombe chako utaosha mwenyewe."

Nikaosha.

Jumatatu nilipanda basi hadi katikati ya jiji, kisha jingine lililoshuka Stratford Road mpaka Sparkhill. Barabara ile imejaa maduka ya nguo, bucha za halali na mabasi yanayofuatana kama siafu. Mbele ya duka la Saida kulikuwa na foleni hadi nje. Mimi, kwa mazoea, nikapita moja kwa moja mbele, mkono tayari kusalimia wananchi. Kwetu wangenipisha. Mzee mmoja wa Kikongo akanigusa bega.

"Papa, mustari unaanzia kule nyuma."

Nilirudi nyuma mashavu yakiwaka.

Nilipofika kaunta, Saida alikuwa amejishika mbavu kwa kicheko. "Mheshimiwa! Nilikuona, walahi. Nikasema wacha apange laini kama sisi."

Alinikalisha meza ya ndani, kando ya mama yake, Mama Saida, aliyekuwa akikunja sambusa bila hata kuitazama mikono yake. Wafanyakazi walipita na trei za moto. Nikaufungua mswada na kuanza kuhubiri: leseni moja badala ya tano, mwaka wa kwanza bila ada, ajira kwa vijana! Saida alisoma akitikisa kichwa kwa kuridhika, mpaka akafika kifungu cha tisa.

"Na hiki? Asiye na leseni, askari bado wanachukua bidhaa zake?"

"Aa, hicho ni cha kawaida tu. Bila hicho sheria haina meno. Na bidhaa zinapelekwa ghalani."

Mama Saida alinisogezea sahani na kibakuli cha ukwaju. Nikachovya, nikauma, na mdomo ukaitangulia akili.

"Lo! Ukwaju huu! Nimewahi kula kama huu mara moja tu maishani, nikiwa kijana, askari wa kanjo, wale wa baraza la mji. Siku hiyo tulikamata beseni zima la sambusa na ukwaju wake pale stendi ya basi, tukajifungia ofisini tukala mpaka..."

Mikono ya Mama Saida ilikuwa imesimama.

"Beseni la bluu?" aliuliza.

"La bluu, mama."

"Lilikuwa langu. Ilikuwa siku yangu ya tatu kuuza. Sikurudi tena stendi."

Aibu niliyoipata sijui niieleze vipi. Nilitaka kusema tulitumwa, nilitaka kusema tulikuwa wengi, lakini mama yule alikuwa akinitazama usoni.

"Nisamehe, mama. Nilikula."

Mabega yake yakaanza kutikisika. Alikuwa akicheka! "Angalau zilikufurahisha. Haya, malizia hiyo. Lakini kwenye karatasi yako, mwanangu, wewe bado ni kanjo."

Saida hakucheka. Alinirudishia mswada. "Kifungu hicho kikibaki, mheshimiwa, sambusa zangu zitabaki Sparkhill."

Alhamisi nilirudi nyumbani, na wiki iliyofuata nikasimama katika bunge la kaunti kuomba kifungu cha tisa kifutwe. Wenzangu waliguna: mapato yatashuka, wachuuzi wataota pembe. Mmoja akainuka. "Mheshimiwa Spika, bidhaa hizo huhifadhiwa ghalani. Mwenzetu ana ushahidi gani kwamba hazifiki?"

"Mheshimiwa Spika," nikasema, "nilizila mimi. Na zilikuwa tamu."

Ukumbi mzima uliangua kicheko. Kisha kicheko kikafifia, kwa maana wengi wetu tulikuwa tunajua bidhaa zile huishia wapi. Kifungu kikafutwa.

Nilichojifunza ni hiki: nilivuka nchi na bahari kutafuta mwajiri, kumbe mwajiri aliwahi kusimama pale stendi na beseni lake la bluu, nami nikamla mtaji.

Juzi Saida alipiga simu kuuliza habari za kiwanja karibu na soko. Kabla hajakata, mama yake akaichukua simu.

"Siku ya kufungua uje mapema, mwanangu," alisema. "Foleni itakuwa ndefu."