Kompyuta ya Mama Winfrida

Sitapaka asali: Optatus alimponza dada yake, na mpaka leo hajui. Au anajua, anajitia hamnazo.

Dada yake ni Theodora, Mama Winfrida, jirani yangu hapa Newala. Tulianza kazi pamoja kiwanda cha korosho tungali wasichana. Ganda la korosho lina mafuta yanayounguza. Mimi nilikuwa najipaka majivu kila dakika. Mwenzangu alikuwa na haraka, anataka amalize debe lake kabla ya wote. Ncha za vidole vyake zikachunika, zikaota ngozi ngumu, zikafa ganzi. Ukimpa kikombe cha chai ya moto anakishika kama ameshika embe. Kisha likaja hilo soko huria lao, kiwanda kikafungwa, korosho zikaanza kupakiwa na maganda yake kwenda India, sisi tukaambiwa twende nyumbani.

Theodora hakukaa kulia. Alijifunza kupiga taipu Ndanda, akaweka meza karibu na boma, akawa anawachapia watu barua za maombi na mihtasari ya vikao. Mashine ile ya chuma ilimfaa, maana kitufe chake kinazama mpaka chini. Kidole kisiposikia, mkono unasikia.

Mwaka 2004 Winfrida akafaulu kwenda sekondari. Wakati huohuo shule moja ya watu binafsi ikamwambia mama yake: mitihani yetu yote utachapa wewe, lakini kwa kompyuta, na uwe nayo Januari tukifungua. Alikuja kwangu mbio, khanga inamdondoka. "Mama Shamila, nikiipata kazi hii mwanangu anasoma. Hataigusa korosho. Vidole vyake vitabaki vidole."

Tukashuka wote Masasi, kwa Muharami anayeuza kompyuta za mtumba, zile za kukunja. Theodora akafumba macho akawa anazipiga moja moja. Muharami akacheka. "Mama, kompyuta haichaguliwi kama kunde!"

"Kunde nikikosea nalala njaa siku moja," akamjibu. "Hebu nyamaza kwanza."

Akaiacha iliyong'aa, akaiacha ya kijivu. Akafika kwenye jeusi moja, zito kama jiwe la kusagia, limechubuka pembeni. Akapiga, akatabasamu. Vitufe vinazama! Hakuridhika. Akataka lifunguliwe. Fundi akatoa skrubu, akachomoa betri, akanyanyua kibodi yote, akatuonyesha rafuni mengine matatu mabovu ya aina ileile ya kunyofolea vipuri. "Hili ndilo," Theodora akasema. "Niwekee. Nikiuza korosho zangu namalizia." Muharami akapokea malipo ya awali, akaliweka chini ya meza.

Korosho zilipouzika, Winfrida alikuwa ndani, mwali wa unyago, siku ya kutolewa imekaribia. Mama mtu hawezi kuondoka mwali akiwa ndani. Basi fedha akapewa Optatus, mjomba wa mtoto. Nilikuwepo. Theodora alimwambia tena na tena: "Kaka, jeusi, zito, lipo chini ya meza. Usichukue jingine, hata wakuambieje."

"Mimi mtoto mdogo?" Optatus akasema.

Siku mwali anatolewa, ngoma zinalia, uwanja umejaa, Optatus akasimama na mfuko. Akatoa kitu chembamba, kinang'aa kama sinia jipya. Akakiinua juu. "Mimi mjomba wa Winfrida! Wengine wanatunza khanga, mimi namtunza mpwa wangu kompyuta!" Lo! Vigelegele hivyo! Wazee wakampigia makofi. Fedha za dada yake, jasho la dada yake, yeye ndiye mjomba mtoaji!

Theodora aliitwa aipokee mbele za watu. Akagusa vitufe. Vimelala bapa, havizami hata kidogo. Nikamwona uso unavyobadilika, na bado akapiga magoti akashukuru. Angefanyaje? Zawadi ya mjomba iliyopigiwa vigelegele huirudishi dukani. Ukiirudisha umemvua nguo mbele ya ukoo mzima, na mwali atasemwa mpaka anazeeka.

Jioni alimwuliza pembeni, kwa upole. "Kaka, mbona si lile?"

"Lile? Limechubuka vile? Nimekuokoa usiuziwe uchakavu! Watu wangetucheka."

Nilitaka kumtukana. Theodora akanishika mkono.

Alijaribu, maskini. Kidole hakijui kimebonyeza au bado, basi anabonyeza tena, herufi zinatoka tatu tatu. Ukurasa mmoja asubuhi nzima, na makosa yamejaa kama mchwa. Kabla Januari haijaisha umeme ukaruka, ikazima. Fundi wa Muharami akaigeuza, akaigeuza tena, akasema kipuri chake hata Dar hakipo. Lile jeusi? Lilikwishanunuliwa na Khalfan mwenye kibanda stendi. Kazi ya shule ikaenda kwake. Simlaumu, kila mtu anatafuta riziki. Mwaka jana nilipita pale: kibodi amebadilisha mara mbili, betri sijui ya ngapi, na linachapa.

Chembamba kipo kwa Theodora kabatini, kimefunikwa kitambaa cha kufuma. Optatus akija na wageni hukifunua. "Hii niliwatunza mimi."

Juzi alikuja tena. Theodora yuko uani anabangua korosho za tajiri mmoja, na Winfrida pembeni yake, maana sekondari alikaa muhula mmoja tu. Mjomba akamwita mpwa wake aje awashie wageni.

"Haiwaki, mjomba," Winfrida akasema.

"Basi waletee chai."

Akaileta. Optatus alikipokea kikombe, akakitua upesi mezani, akipuliza vidole. "Ah! Mbona ya moto hivi? Wewe umekishikaje?"

Winfrida akaitazama mikono yake. "Sijasikia," akasema.