Safari ya Yiti Kumwamsha Pendo

Nilikwenda Yiti, huku Oman, kwa sababu mama yake Pendo alikuwa ameshindwa kuvunja matanga. Jeneza lilifika Kondoa mwaka jana, mkazika, mkala, mkatawanyika. Lakini mama kila akilala anamwona bintiye kalala kifudifudi juani, kampa kisogo. Anamwita, hageuki. Na kwetu mnajua: mtu akifia ugenini, yule aliyekuwa naye mwisho hurudi mahali penyewe, akasimama pale alipoangukia, akamwita kwa jina na kumwambia yamekwisha, twende nyumbani. Asipoitwa hubaki palepale.

Aliyekuwa naye mwisho ni mimi.

"Mwajuma," mama aliniambia kwa simu, "ulilala kando yake. Unangoja nini?"

Nilikuwa nangoja kupajua mahali.

Pendo hakufa usingizini kwa tajiri wake kama mlivyoambiwa. Aliyewaambia hivyo ni Sudi, yule mtoto wa marehemu fundi Ramadhani wa pale sokoni. Namtaja kwa jina ili akija sikukuu mjue mnampa mkono nani. Sudi ndiye aliyetukusanya Ijumaa moja, wanawake wa kazi za ndani, Watanzania na Waganda, siku yetu ya kupumzika, akasema kuna kazi nyepesi kuliko zote duniani: kulala. Wazungu fulani walikuwa na filamu ya vita vya Waskoti wa zamani, watu wa nchi ya baridi na ukungu. Vita vyenyewe walikwisha kuvipiga picha hukohuko Ulaya. Walipokuja Oman kwa filamu nyingine ya jangwani wakaona maiti za kule hazikutosha, basi wakaamua kuziongeza huku. Nyasi wangeziweka baadaye kwa kompyuta.

Basi walilotupakia lilikuwa na mapazia, na ilikuwa bado giza. Hatukuambiwa tunakwenda wapi. Tulipofika tukavishwa makoti mazito ya sufu, tukabandikwa ndevu kwa gundi, sisi wanawake wazima, tukalazwa kifudifudi, mikono chini ya tumbo, ili rangi zetu zisionekane. Pendo akanitazama na ndevu zake nyekundu akasema, "Dada Mwajuma, mbona umekuwa babu yako kabisa?" Tukacheka mpaka Sudi akatufokea, "Nyie maiti, nyamazeni!"

Amri ilikuwa moja: usiinuke mpaka usikie kipenga. Kipenga hakikuja. Wakapiga picha, wakairudia, wakairudia tena, jua linapanda, sufu inatuivisha mwilini. Aliyetikisika alitukanwa. Kisha msimamizi wao, Mzungu aitwaye Dankan, akapita katikati yetu na chupa yake ya maji mkononi, akanyoosha kidole na kusema neno. Sudi akalitafsiri kwa sauti kubwa, wote tusikie: "Mnamwona Pendo? Hatikisiki! Mwigeni Pendo!"

Nasi tukamwiga.

Mimi nilizindukia hospitali. Pendo hakuzinduka. Figo zangu hazijarudi sawa mpaka leo, miguu inavimba kama ya mjamzito, na sijui hata nilitolewa pale kwa gari gani. Ndiyo maana mahali sikupajua. Nilipompigia Sudi kumuuliza, alisema, "Dada, hayo yamepita, usichimbue." Siku hizi hapokei.

Al Khoudh, mtaa wa Muscat, kwa tajiri wangu, ndipo safari ilipoanzia. Binti wa nyumba, Thuraya, anasoma pale chuo kikuu. Bibi yake alizaliwa Unguja, kwa hiyo nyumba ile Kiswahili kipo, kimekaa na Kiarabu sahani moja. Jioni moja akaniita kutoka jikoni.

"Dada Mwajuma, njoo utazame kichekesho! Wallah, hakuna la kweli hata moja humu."

Nikasimama nyuma ya kochi na taulo la vyombo begani. Kwenye televisheni wanaume wenye sketi walikuwa wanakimbia na mapanga.

"Zama zile Waskoti hawakuvaa sketi hizi," akasema. "Zimekuja baadaye sana. Na vita hivi vilipiganwa darajani, ya'ni, daraja ndilo lililowapa ushindi. Wewe umeliona daraja?"

Hapo ikaja picha ya maiti. Ukungu, majani mabichi, kunguru. Nikazitambua ndevu.

"Mimi nilikuwepo kwenye vita hivyo," nikamwambia. "Daraja sikuliona. Maji pia sikuyaona."

Thuraya alijua niliwahi kulazwa, hakujua kwa nini. Nikamweleza nikiwa nimesimama vilevile. Akarudisha picha nyuma. Kati ya maiti wale kulikuwa na mkono mmoja uliochomoka chini ya koti, na kwenye kifundo chake uzi mwekundu. Uzi ule mama alimfunga Pendo siku anaondoka Kondoa. Mkono wameufanya mweupe kwa mashine zao. Uzi wameuacha.

"Lakini yeye aliuvaa kulia," nikasema. "Huu ni mkono wa kushoto."

"Basi picha wameigeuza, kama kwenye kioo," akasema Thuraya, na sauti yake sasa ilikuwa ndogo.

Akaiacha filamu iende mpaka mwisho, pale majina yanapopanda. Akanisomea: wamewashukuru watu wa Yiti. Wamemshukuru na mwenye mbuzi. Nikamwambia amtafute Pendo. Akasoma yote mpaka televisheni ikawa nyeusi. Pendo hayumo.

Ijumaa iliyofuata, asubuhi, Thuraya akamwambia mama yake ananipeleka kununua vitambaa, tukaingia garini. Kutoka Al Khoudh unafuata barabara kuu, msikiti baada ya msikiti, maduka makubwa yaliyofungwa kwa ajili ya Ijumaa, maua yaliyopandwa kando ya lami yakimwagiliwa maji kwa mipira. Niliyatazama yale maua. Hapa ua haliachwi juani bila maji.

Tulipopita Ruwi na Wadi Kabir tukaanza kupanda. Milima ya huku haina kitu, jamani. Ni mawe ya kahawia yaliyochomwa, hayana jani wala ndege, na barabara imekatwa katikati yake kama kisu kwenye mkate mkavu. Nikajiuliza mtu anaionaje milima hii akasema hii ni Uskoti. Mara moja tu Thuraya aliniuliza kama naogopa. Nikamwambia ninachoogopa ni kurudi bila kupaona.

Yiti tulifika jua limeshakuwa kali. Ni kijiji kati ya milima na bahari, nyumba nyeupe fupi, mitende, na nje kidogo mashine za ujenzi zinasawazisha ardhi kwa ajili ya nyumba za wenye nazo. Tukamuulizia mwenye mbuzi waliocheza sinema. Kila mtu alimjua. Tukaelekezwa kwa Bi Rayya, bibi mfupi mwenye macho ya haraka, naye mzaliwa wa Unguja.

"Karibuni ndani, wanangu, jua hili la kuulia watu," akasema, kisha akatuwekea kahawa na tende. "Mbuzi wangu? Eee, mbuzi wangu wamefika Uskoti bila ya pasi! Wamevishwa manyoya ya pamba, ati wawe kondoo. Beberu langu akayala yale manyoya. Wakamletea mengine!"

Thuraya akacheka, kisha akanitazama.

"Bibi," nikamuuliza, "siku ile mbuzi walipata maji?"

"Walipata. Walijengewa na banda la kivuli, na kijana wa kuwapepea. Mwenyewe nlikuwapo."

"Na wale waliokuwa wamelala?"

Bi Rayya akaweka kikombe chini. "Wale wanaume? Nliwaona. Nkasema, lo, hawa wanajua kulala."

"Hawakuwa wanaume, Bibi. Nilikuwa mimi na mdogo wangu. Mdogo wangu hakuinuka."

Akajifunga mtandio vizuri, akachukua fimbo yake. "Twendeni. Mie nnapajua walipokuwa."

Nyuma ya kijiji ni uwanda wa changarawe unaokwenda mpaka chini ya mlima, mpana kuliko nilivyoukumbuka. Thuraya akashika simu yenye picha ya filamu, tukazunguka tukilinganisha. Haikusaidia. Mlima ulioko pale, kwenye picha haupo, wameuondoa na kuweka vilima vya majani. Bahari wameifuta. Jiwe la kulia liko kushoto. Tulikwenda huku tukarudi, tukageuza simu, Bi Rayya anasema hapa, Thuraya anasema pale, na jasho linanitoka vilevile kama siku ile. Nikaona nitarudi Al Khoudh na kumwambia mama uongo, kama Sudi.

Ndipo nilipokumbuka kwamba mimi mahali pale sikuwahi kupaona nikiwa nimesimama.

Nikalala. Nikalala kifudifudi kwenye changarawe ya moto, mikono chini ya tumbo, shavu chini.

"Dada Mwajuma, inuka, utaungua!" Thuraya akapiga kelele.

"Niache kwanza."

Kwa chini niliona mlima tu. Nikainuka, nikasogea, nikalala tena. Bi Rayya akawa anasema "Lahaula" kila nikishuka. Mara ya mwisho nikaona jiwe lililopasuka katikati, na katika ule ufa, mbali, vigingi vya banda na pipa lililokatwa la kunyweshea. Siku ile nzima nilitazama kwenye ule ufa. Niliwatazama mbuzi wanakunywa.

"Bibi, lile ndilo banda la mbuzi?"

"Ndilo, mwanangu. Hawajalibomoa."

Basi nikageuza shingo upande wa pili, kama nilivyoigeuza Pendo aliponiita babu. Palikuwa na changarawe tu, na kijiti kikavu. Ni hapo.

Nikampigia mama. Nilikuwa nimeyaandaa njia nzima maneno ya kumwita Pendo, lakini nilipopiga magoti hapo hata jina lake halikunitoka. Mama akauliza:

"Umepaona?"

"Nimepaona, mama. Ninashindwa."

"Weka simu chini. Pale kwenye kichwa chake."

Nikaiweka. Thuraya alikuwa analia bila kujificha. Sauti ya mama ikatoka kwenye ile changarawe, ndogo, kali kidogo, sauti ya mtu anayeamsha mtoto wa shule.

"Pendo. Pendo wee. Geuka unitazame. Kazi imekwisha, mwanangu, wameondoka wote. Huna haja ya kulala tena. Inuka twende." Akapumua. "Mwajuma, kuna maji hapo?"

Sikuwa nayo. Bi Rayya alikuwa ameshageuka, anatembea kwa haraka kuliko umri wake mpaka kwenye pipa la mbuzi. Akarudi na kopo limejaa mpaka linamwagika, akaniwekea mkononi. Nikamwaga pole pole, pale kichwa kilipokuwa. Changarawe iliyanywa yote mara moja.

Tulirudi Muscat mchana, njia ileile. Mamake Thuraya aliuliza vitambaa viko wapi. Thuraya akamwambia ukweli wote, na yule mama, ambaye si mtu wa maneno laini, akaniambia niende nikalale, vyombo ataosha mwenyewe.

Juzi mama kapiga simu. Tangu siku ile hajaota kitu. Wamevunja matanga Jumapili, mnajua nyie mliohudhuria.

Dankan sijui yuko nchi gani, na simu ya kwao sina. Sudi yuko hapahapa. Wiki hii nimesikia anakusanya wasichana wapya kwa filamu nyingine, anawaambia ni kazi nyepesi. Basi niliyojifunza nawatumia na wao, wasomewe wasiojua kusoma: filamu ile imedanganya sketi, daraja, milima na mpaka rangi ya mkono wa mtu, lakini maiti mmoja ndani yake ni wa kweli. Na mtu akikuambia ulale usitikisike, kabla hujalala muulize ni nani atakayekuamsha.